Mkuu Mpya na Kikosi Kilichozoea Kushindwa

Kila askari aliyevaa sare kwa miaka michache anaijua siku ya kupokea mkuu mpya. Gwaride hupangwa mapema kuliko kawaida, viatu hupigwa rangi, majani ya kando ya njia hufyekwa, na makabidhiano hufanywa kwa heshima zote. Jioni ile ile, kantini, hukumu huwa imekwisha kutolewa. Mmoja husema huyu ni mkali mno, hatadumu. Mwingine husema huyu ni mpole mno, watu watamkalia kichwani. Wa tatu, ambaye amepokea wakuu sita na kuwaaga watano, hunywa chai yake na kusema kwamba wote ni wamoja na mambo yatabaki kama yalivyo.

Leo katika safu hii tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu wa vikosini na vituoni habari ya mkuu mpya mmoja ambaye kazi yake ilihusu mpira. Tunajua baadhi ya maafande watauliza mpira unahusu nini kazi ya ulinzi. Tunawaomba wavumilie, kwa maana wachezaji tutakaowataja walikuwa makadeti, na mwisho wa masomo yao hawakugawiwa medali tu bali walipewa vyeo na vikosi vya kuongoza.

Chuo cha Kijeshi cha Marekani kiko West Point, juu ya mto Hudson, katika jimbo la New York. Kilianzishwa mwaka 1802. Makadeti wake ni kama 4,400, nao hutoka katika majimbo yote ya nchi ile, pamoja na wachache wanaoletwa na mataifa mengine, yakiwamo ya Afrika. Anayehitimu huwa Luteni wa Pili na hulitumikia jeshi kwa muda usiopungua miaka 5. Mchezo unaopendwa kupita yote chuoni hapo ni mpira wa Kimarekani, ule unaofanana kidogo na raga, wenye mpira wa umbo la yai na wachezaji waliovaa kofia ngumu. Uliletwa huko mwaka 1890 na kadeti aliyeitwa Dennis Michie. Miaka minane baadaye aliuawa vitani nchini Cuba, na uwanja wa chuo hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Adui wa jadi wa timu hiyo, ambayo huitwa Jeshi tu, ni timu ya Chuo cha Wanamaji cha Annapolis. Timu ya Jeshi inaweza kushinda michezo yote ya mwaka, lakini ikishindwa na Wanamaji mwezi wa Desemba, makadeti hurudi bwenini kama watu waliotoka mazikoni. Mchezo unapokwisha kuna desturi ambayo tungependa msomaji aikumbuke hadi mwisho wa maelezo haya. Timu zote mbili huenda pamoja, kwanza mbele ya makadeti wa upande ulioshindwa, na wimbo wa chuo chao huimbwa huku washindi wamesimama kwa adabu. Kisha wote huvuka uwanja na kuimba wimbo wa upande ulioshinda. Kwa hiyo makadeti wa vyuo vyote viwili hutamani jambo moja, nalo ni kuimba wa pili.

Tangu mwaka 2002 Jeshi lilikuwa likiimba la kwanza kila mwaka. Mwaka 2013 liliposhindwa kwa alama 34 kwa 7, likiwa limeshinda michezo 3 tu kati ya 12 mwaka huo, kocha Rich Ellerson aliondolewa. Tuseme haki yake. Ellerson hakuwa mgeni wala mzembe. Baba yake na ndugu zake wawili walihitimu West Point, na mwaka 2010 aliiongoza timu kushinda michezo 7 na kushindwa 6, jambo ambalo halikuwa dogo kwa timu ile. Lakini alikutana na Wanamaji mara tano na mara zote tano akashindwa, na ofisini kwake hapakuwa na hesabu nyingine iliyoweza kuifuta hiyo.

Siku ya tarehe 24 Desemba, 2013, chuo kilimtangaza kocha mpya, Jeff Monken, aliyetoka Chuo Kikuu cha Georgia Southern. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo timu yake hiyo ndogo ilikuwa imeishinda Florida, timu yenye jina kubwa, kwa alama 26 kwa 20, bila kufanikiwa kurusha hata pasi moja ya mbele. Jambo jingine katika maisha yake lilikuwa la ajabu zaidi. Tangu 2002 hadi 2007 Monken alikuwa kocha msaidizi wa timu ya Wanamaji. Yaani mtu aliyeitwa kuukata mnyororo ule wa kushindwa alikuwa miongoni mwa mafundi walioufua.

Hapa hatuna budi kueleza kidogo namna timu hii inavyocheza, kwa sababu pasipo hilo mengine hayataeleweka, na kwa sababu tunaamini askari atayafurahia kuliko raia.

Upande wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Ukifaulu, hupewa mengine 4. Usipofaulu, hunyang'anywa mpira. Timu nyingi kubwa husukuma mbele kwa uzito wa watu wao wa mstari wa mbele, majitu ya kilo 140 na zaidi. Jeshi haliwezi kufanya hivyo. Kadeti lazima apimwe kwa mizani ya jeshi kabla ya kuhitimu, na hakuna kamanda wa kikosi cha miguu atakayempokea Luteni asiyeweza kukimbia. Basi West Point ikachagua mbinu ya wanyonge, ambayo Ellerson pia aliitumia na Monken aliijua tangu ujana wake wa kazi.

Mbinu yenyewe ni hii. Kiongozi wa mashambulizi hupokea mpira na kuutia tumboni mwa mkimbiaji wa kati anayepita mbele yake kwa kasi, lakini hauachii bado. Macho yake yako kwa adui mmoja ambaye ameachwa makusudi bila kukabwa. Adui huyo akimrukia mkimbiaji wa kati, kiongozi huuchomoa mpira na kukimbia nao pembeni. Huko pembeni kuna adui wa pili aliyeachwa vile vile. Huyo naye akimjia, kiongozi huutupa mpira kwa mwenzake wa tatu anayekimbia sambamba naye, hatua chache nje yake. Maadui wawili wametolewa katika vita bila kuguswa na mtu, na watu ambao wangewakaba wameongezwa mahali pengine. Kikosi chepesi kimejipatia wingi mahali kilipokuwa na upungufu.

Hayo ni maneno ya karatasini. Uwanjani jambo zima linakwisha kwa muda wa kupumua mara mbili. Kiongozi akisoma vibaya, mpira hupotea. Mkimbiaji akichelewa hatua moja, mpira huanguka mbele ya adui. Na wale watano wa mstari wa mbele, ambao kazi yao ni kugonga na kugongwa, hawakimbii na mpira mwaka mzima wala majina yao hayaitwi na watangazaji. Mbinu ya namna hii haifundishwi kwa hotuba ya siku ya kwanza. Hufundishwa kwa kurudiwa mara elfu, mpaka macho na miguu vijue kabla ya kichwa. Ina udhaifu wake pia, nao ni kwamba husonga polepole. Timu ikishatangulia kufungwa alama nyingi, ni vigumu kuzirudisha.

Sasa tuutazame msimu wa kwanza wa mkuu huyo mpya, mwaka 2014.

Tarehe 6 Septemba timu ilianza nyumbani kwa kuishinda Buffalo 47 kwa 39, na bila shaka kantini za West Point zilijaa manabii. Juma lililofuata ilikwenda California ikafungwa na Stanford 35 kwa 0. Kisha Wake Forest, 24 kwa 21. Halafu likaja lile lililowaumiza wengi kupita Stanford. Huko New Haven, katika uwanja uliokuwa ukitimiza miaka 100, Jeshi lilifungwa na Yale 49 kwa 43 baada ya muda wa nyongeza. Yale ni chuo cha wasomi ambacho hakitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, na kilikuwa hakijalishinda Jeshi tangu mwaka 1955. Kufungwa na mwenye nguvu ni jambo la kueleweka. Kufungwa na jirani aliyekuja na vitabu kwapani ni jambo linaloulizwa hata na mama mzazi.

Mengine tuyapite haraka. Ball State ilishindwa, Rice na Kent State zikashinda, Jeshi la Anga likashinda 23 kwa 6, Connecticut ikashindwa katika uwanja wa Yankee mjini New York, Western Kentucky ikashinda kwa alama 52, Fordham ikashindwa. Katikati ya msimu, mwezi wa Oktoba, gazeti moja la Colorado lilitoa habari za aibu kuhusu sherehe yenye ulevi iliyofanywa mwanzoni mwa mwaka huo kwa ajili ya kuwavutia vijana wajiunge na timu. Makadeti na baadhi ya wakubwa wao waliadhibiwa na chuo. Tunalitaja kwa sababu halipaswi kufichwa. Hamu ya ushindi ilikuwa imekwisha kuwapeleka watu wa chuo cha heshima mahali ambapo heshima huachwa mlangoni.

Tarehe 13 Desemba, mjini Baltimore, timu ilikutana na Wanamaji. Jeshi lilitangulia kupata alama, baada ya kulizuia teke la adui na kuufikisha mpira ule mwisho wa uwanja. Lakini Wanamaji walishinda 17 kwa 10. Hesabu ya mwaka ikawa michezo 4 ya kushinda na 8 ya kushindwa. Mtangulizi wake alifukuzwa kwa 3 na 9.

Mwaka wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mwaka 2015 Jeshi lilishinda michezo 2 tu na kushindwa 10, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa dhidi ya Bucknell, timu ya daraja la chini. Tunamwomba msomaji ajiulize kwa moyo mweupe angetoa hukumu gani. Mkuu amekaa miaka miwili. Amekuta 3, akaleta 4, kisha akaleta 2. Katika idara nyingi tunazozifahamu sisi, barua ya uhamisho ingekuwa imekwisha pigwa muhuri.

Barua hiyo haikuandikwa. Mkuu wa chuo wakati ule alikuwa Luteni Jenerali Robert Caslen, ambaye naye aliichezea timu hiyo alipokuwa kadeti, na Monken aliachwa aendelee. Hatukuwamo ndani ya ofisi zao, lakini mtu yeyote aliyejua kusoma hesabu angeweza kuona jambo ambalo jumla ya ushindi ilikuwa ikilificha. Katika michezo 10 iliyopotea mwaka 2015, saba ilipotea kwa tofauti ya alama 7 au pungufu. Fordham ilishinda kwa 2, Wake Forest kwa 3, Tulane kwa 3, Connecticut kwa 5, Penn State kwa 6. Hasa zaidi zilikuwapo hesabu za Wanamaji wenyewe. Mwaka 2013, mwaka wa mwisho wa Ellerson, tofauti ilikuwa alama 27. Mwaka 2014 ilikuwa 7. Mwaka 2015 ilikuwa 4, na hadi mapumziko Jeshi lilikuwa mbele kwa 17 kwa 14.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Katika taarifa za kila mwezi zinazopanda kutoka vituoni na kambini kwenda makao makuu, mara nyingi kinachoangaliwa ni tarakimu ya mwisho tu: kesi ngapi, wakosaji wangapi, vikombe vingapi. Mkuu aliyepokea kituo kilichooza anaweza kufanya kazi ya kweli miezi kumi na minane na tarakimu ya mwisho isisogee, au hata ikashuka, kwa sababu ameanza kuandika makosa ambayo mwenzake alikuwa akiyafunika. Mwenzake mwingine anaweza kuipandisha tarakimu hiyo kwa mwezi mmoja kwa kuwakamata wauza karanga. Anayesoma tarakimu ya mwisho peke yake atampandisha cheo yule wa karanga.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kila anayeshindwa apewe muda. Wako wakuu ambao mwaka wa tatu wao hufanana na wa kwanza kama mapacha, na kuwavumilia hao ni kuwadhulumu walio chini yao. Ndiyo maana tumezitaja zile 27, 7 na 4. Kama mwaka 2015 Jeshi lingefungwa tena kwa 27, sisi wenyewe tungeshika kalamu kuandika mengine.

Huku kwetu michezo ya vikosi ina historia yake. Wazee waliostaafu bado wanasimulia jinsi timu ya Simba, timu ya jeshi, ilivyofika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1972 na kushindwa na Hafia ya Guinea. Timu ya namna ile haikuota kama uyoga baada ya mvua. Lakini siku hizi kocha wa timu ya kikosi akipoteza michezo mitatu, wa nne huutazama kutoka jukwaani, na vijana huanza tena kujifunza lugha ya mtu mwingine.

Kuna kundi moja katika habari hii ambalo halitajwi na mtu, nasi tungependa kulitaja. Ni makadeti wa mwaka wa nne wa msimu ule wa 2014. Wao waliingia chini ya kocha mmoja na kumaliza chini ya mwingine. Ndio waliobeba ukali wa mazoezi mapya wakijua kwamba matunda yake, kama yangekuwapo, yangeliwa na wadogo zao. Mwezi wa Mei, 2015, walivishwa vyeo na kutawanyika vikosini bila kuwahi kuimba wa pili hata siku moja. Tunadhani askari wetu anawafahamu watu hawa. Ni wale wanaochimba handaki usiku kucha na alfajiri wanahamishiwa mahali pengine, na wanaokuja kulala ndani yake hawajui ni nani aliyechimba.

Mwaka 2016, mwaka wa tatu wa Monken, ulianza kwa ushindi huko Temple, 28 kwa 13. Ukafuata ushindi dhidi ya Rice, na usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 11 Septemba, saa chache baada ya mchezo huo, beki mmoja kijana wa timu alifariki katika ajali ya gari. Siku sita baadaye wenzake waliingia uwanjani Texas na kushinda 66 kwa 14. Hatutaki kusema kwamba msiba huleta ushindi; maneno ya namna hiyo ni mepesi mno mbele ya mzazi aliyezika. Tunasema tu kwamba kikosi kisichokuwa kimoja kingevunjika juma lile, na hiki hakikuvunjika.

Walifika Baltimore tarehe 10 Desemba wakiwa wameshinda 6 na kushindwa 5. Haki inatutaka tuseme pia kwamba Wanamaji waliingia bila kiongozi wao wa mashambulizi, aliyeumia juma lililotangulia, na badala yake alisimama kijana ambaye hakuwahi kuanza mchezo hata mmoja. Hadi mapumziko Jeshi lilikuwa mbele 14 kwa 0. Kisha likaja lile lililokuwa likija kila mwaka. Wanamaji walirudi, wakapata 7, wakasogea, na katika kipindi cha nne wakatangulia 17 kwa 14. Waliokuwa wakitazama kwa miaka 14 walikwisha kuujua mwisho.

Jeshi likapewa mpira. Halikurusha mpira mbali kwa kubahatisha kama wafanyavyo watu waliokwisha kata tamaa. Lilirudia lile lile la mazoezini, yadi tatu, yadi nne, tia mpira tumboni, tazama adui, chomoa au acha, dakika baada ya dakika, huku saa ikikimbia. Zikiwa zimebaki dakika sita na ushei, kiongozi wa mashambulizi, Ahmad Bradshaw, mmoja wa vijana walioingia chuoni katika mwaka wa kwanza wa Monken, alikimbia na mpira yadi 9 za mwisho na kuvuka mstari. Ikawa 21 kwa 17. Ilikuwa hesabu ile ile ya mwaka uliotangulia, ila safari hii majina yalikuwa yamebadilishana nafasi.

Mwaka ule Jeshi lilimaliza na ushindi 8 na kushindwa 5. Mwaka 2017 lilishinda 10, mwaka 2018 likashinda 11, na mwaka 2024, Monken akiwa bado pale pale, likashinda 12, ingawa mwaka huo huo Wanamaji walilifunga 31 kwa 13.

Jioni ile ya Baltimore filimbi ya mwisho ilipopigwa, makadeti waliruka vizuizi na kumiminika uwanjani na makoti yao marefu ya kijivu. Iliwachukua wachezaji muda kupenya katika umati. Walipopata njia walikwenda kwanza kwa Wanamaji, wakasimama kando ya wale waliowashinda, wakausikiliza wimbo wa Annapolis hadi beti la mwisho. Kisha timu zote mbili zikageuka, zikaanza kuvuka uwanja kuelekea upande wa pili.